Mikono Mfukoni kwa Ajili ya Neville

Leigh-on-Sea, Essex
22 Machi 2009

Shemeji yangu Neville,

Nakusalimu kutoka huku Essex, ambako mvua imenyesha wiki nzima na leo jua limetoka kana kwamba halikuhusika. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, lakini tunapanda hivyo hivyo, mimi na goti. Corinne mwanao hajambo. Bado anafundisha Basildon, na amekata nywele zikawa fupi mno hadi anafanana na Royston wa ule mwaka sabini na saba. Nilipomfungulia mlango nilishtuka. Akaniambia, "Mama, ni nywele tu." Nikamwambia, "Kaa unywe chai, nitazoea."

Maua yako yalifika siku ya mazishi ya Royston, meupe na ya njano, hata jani halikuvunjika. Corinne alinieleza ulivyomwambia kwenye simu kwamba upepo umesimamisha meli huko visiwani Orkney. Nikasema ndiyo, Januari upepo wa huko hauna mzaha. Basi.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu mimi hutafuta maneno, na nikiyapata wewe umeshaanza habari za mawingu. Barua haiwezi kukatizwa.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe 15 Agosti, bendi yenu ya Copper Weekend watampigia Royston muziki, jioni moja tu, pale kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli walikoanza kupiga mbele ya watu. Fitzroy atakuwa kwenye kinanda, Barry kwenye ngoma. Besi ataipiga Corinne, kwa gitaa la Royston baba yake. Anafanya mazoezi hapa kwangu na vikombe vinatetemeka kabatini kama wakati ule. Watu wote wananiuliza swali moja, nami nakuletea wewe: utakuja upige saksafoni?

Usijibu bado. Corinne anataka niandike nusu ukurasa wa historia ya bendi, ichapwe, wageni wapewe mlangoni. Sikusoma sana, wajua, lakini nimejaribu. Nisahihishe:

"Copper Weekend ilianza mwaka 1977 katika banda la Mzee Tapley huko Benfleet, kati ya mashine ya kukatia nyasi na baiskeli mbovu. Ndugu wawili, Royston wa besi na Neville wa saksafoni, walitaka kupiga fanki yenye jazi kama ya Wamarekani, ingawa walikuwa hawajawahi kufika mbali zaidi ya Romford. Barry alikubaliwa kwa sababu alikuwa na ngoma zake. Fitzroy Beckles alikuja kutoka Hackney kwa treni, kinanda chake kimefungwa kwa blanketi, na mama yao akamlisha hadi akakosa treni ya kurudi.

"Mwaka 1980 walirekodi wimbo uitwao 'Shoeburyness', juu ya watu wanaopitiwa na usingizi katika treni ya mwisho kutoka London na kuamkia mwisho wa reli. Santuri za kwanza hazikuwa hata na jina. Zilikuwa na karatasi nyeupe tupu katikati, na Royston aliziuza kutoka kwenye buti ya gari. Redio za magendo zikaupiga. Kisha madijei wakaupiga kwenye zile wikendi za dansi katika kambi ya likizo pwani ya Norfolk, ambako vijana walicheza tangu Ijumaa hadi Jumapili, kila mmoja na kipenga cha refa shingoni."

Mimi niliingia katika hadithi hapo, shemeji, kama unavyokumbuka. Nilipuliza kipenga sikioni mwa Royston bila kujua kuwa ndiye mpiga besi. Akageuka akasema, "Dada, hilo sikio nalitumia kazini." Hilo sikuliandika.

"Mwaka 1981 kampuni kubwa ya santuri ikawasainisha. Mwaka 1983 'Shoeburyness' ulirekodiwa upya, ukafika namba kumi na moja katika chati ya taifa." Haukufika kumi bora. Royston alisema kumi na moja inatosha, ni timu nzima ya mpira.

Nimefika hapo kwenye mwaka 1983 na kalamu imegoma. Niandike nini?

Shemeji yako,
Avril


Stromness, Orkney
19 Aprili 2009

Shemeji Avril,

Salamu kutoka kwenye upepo. Huku kondoo wamezaa, na kila nyumba ninayopeleka barua lazima nionyeshwe kondoo mchanga na nimsifu kana kwamba ni mjukuu. Mimi sijambo. Jirani yangu, Bi Isbister, amenunua mbwa mkubwa asiyenipenda, jambo la kawaida katika kazi yetu ya posta. Msalimie Corinne. Mwambie nywele fupi zinamfaa, ingawa sijaziona.

Historia yako ni nzuri. Masahihisho: Barry hakukubaliwa kwa sababu ya ngoma, alikubaliwa kwa sababu dada yake alikuwa mrembo. Mashine ya nyasi ndiyo iliyokuwa na mpigo mzuri kuliko Barry. Na kinanda cha Fitzroy hakikufungwa kwa blanketi, kilifungwa kwa pazia la bafuni la mama yake, lenye samaki. Mambo ya historia yataka uangalifu.

Kuhusu mwaka 1983, andika tu kwamba Neville aliacha bendi. Ni sentensi fupi, haitamaliza wino.

Au ukitaka kuwachekesha watu, waandikie ile ya televisheni. Waambie kampuni ilimleta mtayarishaji aliyevaa miwani myekundu, akasema saksafoni ni mambo ya jana, akaniondoa katika wimbo wangu na kuiweka sehemu yangu kwenye kinanda cha Fitzroy. Wimbo ulipopanda chati tukaitwa televisheni. Watu wa televisheni wakasema, "Kuna bwana wa saksafoni? Mleteni, inang'aa vizuri kwenye taa." Kwa hiyo nilitakiwa nisimame mbele ya taifa nijifanye napiga kitu ambacho kilikuwa kinapigwa na kinanda. Kila mtu hujifanya kwenye televisheni, hilo si kosa, muziki hutoka kwenye santuri. Lakini mimi nilijiambia, kama ni kujifanya, tujifanye vizuri. Nikakitoa kile kidomo cha kupulizia, nikamtupia Royston, nikapanda jukwaani na saksafoni isiyo na kichwa. Nilipuliza hewa kwa madoido yote.

Mama alipiga simu kutoka Benfleet. "Neville, mwanangu, chombo chako kimekosa kitu."

Kabla ya hapo, kule koridoni, nilimwuliza Royston swali moja: "Wewe ulikubali waniondoe?" Akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vyeupe, vya kununuliwa na kampuni.

Miaka yote baadaye tulikutana kwenye harusi na misiba na tukazungumza mpira. Alikuwa mzungumzaji mzuri wa mpira.

Agosti sisi watu wa posta tuna kazi nyingi, watalii wanatuma kadi. Na saksafoni haina kidomo. Iko juu ya kabati tangu nilipohamia huku. Mnipigie makofi mkifika kwenye wimbo wetu.

Wako,
Neville


Leigh-on-Sea
3 Mei 2009

Shemeji Neville,

Natumaini kondoo wamekua na wewe umeacha kuwasifu. Huku maua ya mti wa jirani yamejaa kwenye bustani yangu na ninayafagia nikilalamika, kwa sababu Royston ndiye aliyekuwa akilalamika na mtu lazima aendeleze. Corinne anakushukuru kwa salamu. Ameweza sasa ile besi ya mwanzo wa "Shoeburyness", ila vidole vimemtoka malengelenge. Nilimpaka mafuta kama nilivyokuwa nikimpaka baba yake.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi kidogo. Usistaajabu. Ni kile kidomo chako. Kimekaa katika droo ya jikoni, pamoja na mishumaa, betri na kamba, tangu siku ile ya televisheni. Kila nikitafuta kamba hunichoma mkono. Corinne alipokuwa mdogo alikifanya bomba la moshi la nyumba ya wanasesere, Royston akamwambia, "Cheza nacho, lakini kirudi kwenye droo, kina mwenyewe." Nimekiosha kwa siki.

Sasa nikuambie jambo. Sijui kama nina haki ya kulisema, lakini Royston hayupo wa kunikataza, na kama angekuwepo angetazama viatu.

Ulipoondoka walikuwa na onyesho Southend, wiki iliyofuata. Nilikuwa kwenye mazoezi, nimekaa juu ya sanduku la nyaya nikila kome wa siki. Wakafika pale mahali pako. Fitzroy akaanza kuipiga ile sehemu kwa kinanda kama kwenye santuri mpya. Royston akasimamisha wimbo.

"Hapo usipige."

"Nisipige? Kaka, ndiyo sehemu inayojulikana na watu wote!"

"Hiyo ni ya Neville."

"Neville yuko wapi?"

"Katoka kidogo."

"Sasa mimi nifanye nini na mikono hii yote miwili?"

"Iweke mfukoni," Royston akasema.

Fitzroy akadhani ni mzaha, akaiweka mfukoni kweli, akasimama kama mtu anayesubiri basi. Barry akacheka hadi akaangusha kijiti. Lakini Royston hakucheka. Akaendelea na besi, Barry na ngoma, na pale juu pakawa patupu mpaka sehemu yako ilipokwisha. Ndivyo walivyopiga Southend. Mtu wa miwani myekundu alikuja nyuma ya jukwaa akifoka kwamba kuna tundu katikati ya wimbo wake. Royston akamjibu, "Si tundu. Ni kiti cha mtu."

Hawakukijaza kamwe. Walipiga hivyo kwenye kumbi kubwa za London, na walipovaa yale makoti ya mabega mapana na kuimba zile nyimbo za mapenzi ambazo wewe ulizicheka, hata hapo. Kampuni ilipowaacha mwaka 1987 na Royston akarudi kufunga makabati ya jikoni katika nyumba za watu, na zile wikendi za dansi zikaanza tena kuwaita, walipiga hivyo hivyo. Mpaka Oktoba iliyopita, mara yake ya mwisho.

Nilimwambia mara nyingi, mwandikie mdogo wako. Alisema, "Akitaka kujua atakuja asikilize." Nyinyi akina Tapley mmeumbwa kwa mbao.

Wewe uliuliza swali koridoni. Mimi nadhani ulijibiwa, ila hukuwepo.

Avril


Stromness
28 Juni 2009

Shemeji Avril,

Samahani kwa kuchelewa. Najua utasema mtu anayepeleka barua za kisiwa kizima anashindwa vipi na moja yake. Wenzangu hapa ofisini wanasema hivyo pia.

Tuko salama. Usiku huku siku hizi hauingii giza, na watu wanacheza gofu saa ambazo wangekuwa wamelala. Kondoo sasa ni wakubwa na hawana adabu.

Kifurushi kilifika. Kilikuwa katika mfuko wangu mwenyewe, kati ya viatu vya mtoto wa mwalimu na dawa ya minyoo. Nilijipelekea nyumbani, nikajigongea mlango, nikajisainisha. Kinanukia siki mpaka leo.

Bi Isbister analalamika. Anasema mbwa wake kila jioni analia kama mbwa-mwitu na hajui kisa ni nini. Nimemwambia labda ni huu mwanga.

Barua yako niliisoma. Nikaisoma tena kwenye gari la posta, nimeegesha mbele ya kanisa, hadi mchungaji akaja kugonga kioo akidhani nimeugua.

Swali moja tu. Na kule Japani walikokwenda mwaka themanini na sita, je, hata huko?

Neville


Leigh-on-Sea
7 Julai 2009

Shemeji Neville,

Sisi wazima. Joto limekuja na goti limefurahi. Corinne amepata kitambaa cha kutosha kupamba ukumbi, rangi ya shaba, na Barry amejitolea kupanda ngazi kukitundika. Anatumia kifaa cha kusikilizia siku hizi, na kwenye ngazi mtu akimwambia "kushoto" anauliza "nani?" Tunamwombea.

Hata Japani, ndiyo. Kule Osaka Fitzroy alipoweka mikono mfukoni, vijana waliokaa mbele walidhani ndiyo mtindo, nao wakaweka yao. Royston aliniletea picha. Safu kwa safu za Wajapani waliovaa vizuri, mikono mfukoni, wametulia kama wako kwenye ibada. Picha ilisambaa, basi watu wa huku wakaiga. Sasa ndivyo ilivyo. Ukienda kwenye wikendi yoyote ya Norfolk, "Shoeburyness" ukifika pale, vipenga vinanyamaza na mikono yote inaingia mfukoni. Wengi wa wale vijana hawajui hata ilianzaje. Wanaweka tu.

Mbwa wa Bi Isbister mimi nampenda bila kumwona. Mpe kipande cha nyama kwa niaba yangu. Mwambie avumilie hadi Agosti.

Sitakuuliza tena kama unakuja. Chumba cha nyuma nimekitandika. Dirisha bado halifungi vizuri, kwa hiyo lete sweta, ingawa nadhani mtu wa Orkney atalala na fulana. Fitzroy anasema: "Mwambieni huyo tarishi mikono yangu imeota ukungu humu mfukoni."

Kuna jambo moja sijakuandikia kuhusu pale mahali pako. Siliandiki kwa makusudi. Karatasi haina sauti.

Historia nimeimaliza. Pale kwenye mwaka 1983 nimeweka maneno ya Royston mwenyewe.

Avril


Stromness
30 Agosti 2009

Shemeji mpendwa Avril,

Nimefika salama. Meli ilitulia kama meza. Bi Isbister alinipokea kwa supu na mbwa akanigeuzia mgongo. Wiki moja ya amani ilikuwa imemkolea. Ile keki uliyonifungia niliila yote kabla ya Edinburgh, na kitambaa chako nitakirudisha.

Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwa mlangoni ukigawa karatasi, kisha nikakuona kule nyuma karibu na birika kubwa la chai, umevaa koti la Royston. Kwa hiyo acha nikueleze ilivyoonekana kwa upande wa jukwaa, maana asubuhi yake jikoni nilizungumza mpira na wewe ukaniacha nizungumze. Nilikuona unavyotabasamu kwenye sinki.

Nilipoingia kwa mlango wa nyuma Fitzroy alikuwa anafunga tai. Akaniangalia juu hadi chini.

"Tarishi! Miaka ishirini na sita! Ulikuwa unaleta barua kwa miguu?"

"Anwani haikuandikwa vizuri," nikamwambia.

Barry akanikumbatia. "Umenenepa!"

"Na wewe umekuwa kiziwi."

"Nini?"

Kisha akaja Corinne na gitaa la kaka yangu begani. Avril, uliniambia, lakini sikuwa tayari. Nywele zile. Nilitaka kusema kitu cha maana nikasema, "Kamba ya tatu imelegea." Akaikaza, akasema, "Asante, baba mdogo. Usiogope. Ukipotea nisikilize mimi." Hivyo ndivyo Royston alivyokuwa akiniambia katika lile banda, maneno yale yale, na sidhani kama Corinne aliyasikia kwa baba yake.

Karatasi yako niliisoma nikisubiri. "Mwaka 1983 Neville alitoka kidogo." Shemeji! Kidogo! Nilicheka hadi nikahitaji kufuta miwani.

Basi nyimbo zikaenda. Wale mabwana wenye vipara waliojaribu kupandiana mabegani kama zamani, uliwaona? Wa chini wote walikataa kwa sababu ya migongo. Kisha Barry akaanza "Shoeburyness" na vipenga vikalia hadi nikadhani dari litaondoka. Nikawaza, nimekaa nikifanya mazoezi miezi miwili mbele ya mbwa asiyenipenda, na hawa watu wamekuja kwa ajili ya kaka yangu, sasa itakuwaje.

Pakafika pale. Fitzroy akaondoa mikono kwenye kinanda, akaiweka mfukoni, akanikonyeza. Nikatazama mbele. Ukumbi mzima, mfukoni. Wanawake wasio na mifuko wametia mikono katika mifuko ya waume zao. Yule kijana wa kaunta ameweka bilauri chini, mikono mfukoni. Vipenga kimya. Nikajiambia, ndiyo hii aliyoiandika Avril. Nikavuta pumzi, nikapuliza.

Nao wakaimba.

Hukuniambia kwamba wanaimba, Avril. Hakuna maneno pale, ni saksafoni tu, lakini waliimba saksafoni. "Pa-ra-ra, pa-raa." Kila sauti, kila kupanda na kushuka, kila mahali nilipovuta pumzi nikiwa na miaka ishirini na mitano. Watu wazima, wauza nyumba, madereva wa malori, wamefumba macho. Wameizoea kuliko mimi. Mle ndani mwa mapigo ya Corinne, wakaiimba kwa nguvu ambazo sijawahi kuzisikia kwa kitu chochote nilichotengeneza.

Sasa, unakumbuka kwamba kwenye ile santuri ya kwanza nilikosea. Karibu na mwisho kuna sauti moja nilipitiliza, na studio ilikuwa ya kukodi kwa saa, Royston akasema iache, hakuna atakayegundua. Imenikera maisha yangu yote. Miezi hii miwili niliifanyia mazoezi hasa, nikasema angalau safari hii niipige sawa. Nikaipiga sawa. Ukumbi mzima wakaimba lile kosa. Bwana mmoja wa safu ya mbele, mwenye shati la maua, akanitazama akatikisa kichwa kwa huruma, kama kusema, pole mzee, karibu uipate.

Mle ndani mtu pekee aliyekosea nilikuwa mimi.

Hapo sikuweza kuendelea kupuliza vizuri, kwa sababu mtu hawezi kucheka na kulia na kushikilia saksafoni. Lakini haikujalisha. Hakuna aliyenisikia. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya watu nikapuliza bila kusikika kwa sababu chombo hakikuwa na kidomo. Mara hii kidomo kilikuwepo, kinanukia siki, na bado sikusikika hata chembe, kwa sababu walinizidi sauti. Sijapata kufurahi hivyo.

Nimewaza sana juu ya koridoni. Nadhani alipotazama viatu vyake alikuwa anahesabu mapigo, aone nafasi ya kuniachia.

Msalimie Corinne. Mwambie ile kamba ya tatu bado.

Shemeji yako,
Neville


Leigh-on-Sea
12 Septemba 2009

Shemeji yangu Neville,

Barua yako ilifika haraka hadi nikadhani umeileta mwenyewe. Nashukuru umefika na mbwa yu hai. Sisi wazima. Corinne amerudi shuleni, na gitaa amelichukua nyumbani kwake, kwa hiyo vikombe vyangu vimetulia. Vimetulia mno. Nimevipanga upya mara tatu ili vifanye kelele.

Kitambaa cha keki usikirudishe kwa posta. Kilete.

Fitzroy alikuja Jumapili akala nyama ya kuoka na viazi, akauliza swali la kisheria. Anasema, kwa kuwa mwenye kiti amerudi, je, sasa aruhusiwe kutoa mikono mfukoni? Nilimwambia hapana, watu watakasirika. Akasema alijua. Wameitwa tena Norfolk mwezi Novemba, kwenye ile kambi, na wameniomba nikuulize. Mimi siulizi, nakuarifu. Upepo wa Novemba huko kwenu najua ulivyo. Njoo kabla haujakaza.

Uliponiona kule nyuma na koti la Royston, mikono yangu nayo ilikuwa mfukoni, kama ya kila mtu. Mfuko wa kulia una tundu. Alikuwa ameniomba nilishone tangu Krismasi. Nilikuwa nimeingiza vidole humo hadi kwenye bitana, na watu walipokuwa wanaimba niliona ni vizuri kwamba sikulishona. Bado sijalishona.

Jioni nikiosha vyombo huiweka ile santuri ya kwanza, yenye karatasi nyeupe. Pakifika pale pako nakausha mikono na kuiweka katika mfuko wa aproni, nami naimba, ingawa majirani hawakuniomba. Ninaimba na kosa lako pia. Tafadhali usilisahihishe tena. Ndipo ninapomsikia akisema iache, hakuna atakayegundua.

Nawe huko, mbwa akianza kulia na ukifika kwenye sauti ile, nikumbuke.

Avril